Mdomoni, puani au tumboni: kumchagulia njia ya chakula mgonjwa mahututi asiyeweza kumeza

Mgonjwa katolewa mpira wa kupumulia jana. Amefumbua macho, anawajua watu wake, sauti tu ndiyo inakwaruza. Ndugu wamepanda hospitali ya Bombo, hapa Tanga, na dafu pamoja na chupa ya uji, na nesi anawaomba wasimpe kitu kwanza. Wengi hulichukulia hilo kama ukali wa wodini. Sivyo. Koo lililokaa na mpira kwa zaidi ya saa 48 mara nyingi huachwa limevimba, limekufa ganzi na misuli yake imelegea. Chakula na pumzi hupita njia panda moja kooni, kwa hiyo tonge linaweza kuelekea mapafuni badala ya tumboni. Kiharusi, jeraha la kichwa na udhaifu wa kulala kitandani muda mrefu huleta shida hiyo hiyo.

Mtu mzima wa afya akipaliwa hukohoa mpaka machozi yamtoke. Mgonjwa mahututi anaweza kupaliwa kimya kabisa. Utakachokiona ni sauti yenye majimaji, kama ya mtu anayesema huku ana maji kooni, pumzi zinazokwenda mbio baada ya kula, oksijeni ya kidoleni inayoshuka, na homa siku moja au mbili baadaye. Kwa hiyo neno "mbona hakohoi" lisimfanye mtu aendelee kulisha.

Njia za kulinganisha hapa ni tatu: kula kwa mdomo chakula kilichorekebishwa, mpira wa kulishia unaopita puani, na mpira unaoingia tumboni kupitia tundu la ngozi. Dripu hatukuihesabu, ingawa ndugu wengi huitegemea. Chupa ya mililita 500 ya dekstrozi ya asilimia 5 ina gramu 25 tu za sukari, yaani kalori zisizofika 100. Mtu wa kilo 60 anahitaji kalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku. Dripu ni maji na dawa. Anayeachiwa dripu peke yake kwa wiki nzima anakaa na njaa.

Kabla ya kuchagua: kipimo cha kitandani

Kipimo hiki hufanywa na nesi au daktari, na ndugu afadhali wajue kinavyokwenda. Mgonjwa awe macho, aweze kuketi wima na kushika kichwa chake, mate yasimchuruzike, aweze kukohoa akiambiwa, na pumzi zake ziwe chini ya 30 kwa dakika. Likikosekana moja, leo hapimwi. Kinywa husafishwa kwanza, ili akipaliwa, yaingie maji bila uchafu.

Anaanza na vijiko vya chai 3 vya maji, kimoja kimoja, mpimaji akiwa ameweka vidole kwenye kikoromeo akisikie kinapanda na kushuka. Akivuka hapo anapewa maji mililita 90, yaliyopimwa kwa bomba la sindano, ayanywe mfululizo bila kupumzika. Baada ya hapo aseme "aaa", na aangaliwe kwa dakika moja. Akisimama katikati, akikohoa, au sauti ikigeuka ya majimaji, hajavuka. Hurudiwa baada ya saa 24, kwa sababu koo la aliyetolewa mpira hubadilika siku hata siku. Palipo na mtaalamu wa kumeza na usemi, au kamera ya koo, amwone, maana maji hayawezi kuonyesha kinachotokea ndani. Ila wataalamu hao ni wachache nchini, na wodi nyingi huamua kwa kipimo hiki cha maji.

Tunazipima kwa vigezo gani

Tumeziuliza njia zote tatu maswali yale yale. Inayalinda mapafu kiasi gani? Inatosheleza kalori, protini na maji? Inafaa kwa muda gani? Inadai vifaa gani na mikono ya nani? Na mgonjwa mwenyewe anaionaje?

Swali la kwanza lina jibu ambalo wengi hawalitarajii. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoyazuia mate. Kinywa hutoa mate nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na kwa mgonjwa asiyepigwa mswaki mate hayo yamejaa vijidudu. Aliyewekewa mpira bado anapaliwa kwa mate yake, na pia kwa chakula kinachopanda kutoka tumboni. Kwa maoni yetu, mswaki laini mara 2 au 3 kwa siku, ulimi ukisuguliwa, povu likifutwa kwa gozi iliyokamuliwa, pamoja na kichwa cha kitanda kilichoinuliwa nyuzi 30 hadi 45, vina uzito mkubwa kuliko ndugu wanavyovidhania. Vinahitajika kwa njia yoyote itakayochaguliwa.

Njia ya kwanza: mdomo

Usalama wa mapafu hapa unategemea uzito wa chakula na mkono wa mlishaji. Maji hukimbia kuliko koo lililolegea linavyoweza kujifunga, ndiyo maana dafu, chai na mchuzi mwepesi huwa vya kwanza kumpalia mtu. Kitu kizito huteremka polepole, koo likapata nafasi. Lakini kuzidisha uzito nako kuna hasara: kinachobaki kooni ni kingi, na kikiingia mapafuni ni kigumu kukitoa. Tena tafiti zilizofuatilia wagonjwa hazijathibitisha kwamba uzito wa kinywaji peke yake unapunguza homa ya mapafu, na wanaonyweshwa vizito mara nyingi hupungukiwa maji, kwa kuwa hawavipendi.

Mpangilio wa kimataifa wa IDDSI, unaopanga vinywaji na vyakula kwa uzito na ulaini wake, huvipa namba 0 hadi 7, na kipimo chake cha vinywaji kinafanyika hata jikoni mtaani Ngamiani. Chukua bomba la sindano la mililita 10, lile ambalo kutoka 0 hadi 10 lina urefu wa milimita 61.5 (pima kwa rula, mabomba hayalingani). Toa kisukumio, ziba ncha kwa kidole, mimina uji hadi 10, achia kwa sekunde 10, kisha ziba tena. Ukibaki uji wa mililita 1 hadi 4, ni namba 1. Ukibaki wa 4 hadi 8, ni namba 2. Zaidi ya 8 ni namba 3. Usipodondoka kabisa ni namba 4, huo huliwa kwa kijiko. Daktari akisema "apewe kizito", muulize namba.

Uji una hila mbili. Ukipoa unazidi kuwa mzito: uliokuwa namba 2 ukitoka kwenye chupa ya chai unaweza kuwa namba 4 kikombeni baada ya robo saa, kwa hiyo upime katika joto lile atakalonywea. Hila ya pili inakwenda kinyume chake. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi kikombeni kinaanza kuulainisha uji wote. Mlishaji anafika chini ya kikombe anakuta uji umekuwa maji, na hapo ndipo mgonjwa anapopaliwa, wakati kila mtu ameshatulia. Mimina vijiko vitano vitano kwenye bakuli dogo, kikombe kikuu kisiguswe na kijiko cha mdomoni. Kwa sababu hiyo hiyo unga wa kimea usiutie kwenye uji huu. Tutauhitaji kwingine.

Vyakula vinavyofaa havina shida kupatikana sokoni Mgandini: boga, viazi vitamu vilivyopondwa na maziwa, papai, ndizi mbivu, embe lililosagwa na kuchujwa nyuzi, samaki aliyechambuliwa miiba mara mbili na kusagwa na tui zito. Vinavyodanganya ni wali, maana punje zake hutawanyika mdomoni, bada la muhogo linalonata kooni, mkate mkavu, na supu yenye vipande, ambayo ni maji na nyama kwa pamoja, na koo dhaifu haliwezi kazi mbili kwa mpigo. Barafu nayo huyeyuka ikawa maji.

Kulisha kwenyewe: mgonjwa aketi wima, kijiko cha chai kimoja, kipelekwe upande wenye nguvu kama ana kiharusi, ameze, kisha ameze tena mdomo ukiwa mtupu. Mrija usitumike. Kuinamisha kidevu huwasaidia baadhi na wengine huwazidishia, basi kufanywe kwa ushauri tu. Akimaliza, kagua shavu, chakula hupenda kujificha humo. Akae wima nusu saa nzima. Akikohoa au sauti ikibadilika, simamisha mlo huo.

Kuhusu kutosheleza, njia hii ndiyo dhaifu zaidi. Mlo mmoja unaweza kuchukua dakika 40, na mgonjwa huchoka kabla hajashiba. Mwandikie kila alichomeza. Anayeshindwa kufikisha nusu ya mahitaji yake kwa siku kadhaa anahitaji mpira wa kuongezea, hata kama anameza salama. Vifaa ni vichache, mikono ndiyo mingi: mtu mmoja aliyefundishwa, kila mlo, asiye na haraka. Ina raha kuliko zote, na kumeza kwenyewe ni mazoezi ya koo. Inamfaa aliyevuka kipimo, au aliyeshindwa maji lakini vizito anavimudu, mwenye fahamu na mtu wa kumkalia.

Njia ya pili: mpira wa puani

Hii ndiyo njia ya kawaida kwa aliyeshindwa kipimo, na kwa aliye mahututi huanzishwa ndani ya saa 24 hadi 48 hali ya damu na presha ikitulia. Nesi hupima urefu kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi chembe cha moyo. Kwa mtu mzima huwa karibu sentimita 50 hadi 60. Namba ya sentimita inayobaki kwenye tundu la pua huandikwa. Aliyevunjika mfupa wa chini ya fuvu hapitishiwi puani, hupitishiwa mdomoni.

Hatari kubwa ni mpira kuwa mapafuni wakati watu wanadhani uko tumboni. Picha ya eksirei ndiyo inayoaminika mara ya kwanza. Baada ya hapo, kabla ya kila mlo, angalia namba ya sentimita puani, vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano na uyapime kwa karatasi ya asidi: 5.5 au chini yake ni tumboni. Usipopata kitu, mlaze ubavu wa kushoto, subiri dakika 15 hadi 30, vuta tena. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli huweza kuipandisha namba hiyo, basi daktari aamue kama picha inarudiwa. Ile desturi ya kusukuma hewa na kusikiliza mlio tumboni haitoshi, kwa kuwa mlio huo husikika hata mpira ukiwa kifuani.

Kulisha ni kwa kuachia chakula kiteremke chenyewe: toa kisukumio, inua bomba, mililita 250 hadi 300 ziende kwa dakika 15 hadi 30. Ukizisukuma kwa dakika 2 tumbo hujaa ghafla, chakula kinapanda, na unampalia mgonjwa kwa chakula ulichokipitisha puani ili asipaliwe. Maji mililita 30 kabla na 30 baada. Milo 6 ya kila baada ya saa 3, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku, inafikisha lita 1.5 hadi 1.8.

Lita moja ya chakula cha mpira inaweza kutengenezwa hivi: maziwa halisi mililita 500, unga wa ulezi gramu 60, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula, sukari vijiko 3 (mwenye kisukari asitiwe, daktari aelekeze), mayai 2 yaliyochemshwa yakaiva, na maji ya kufikisha lita. Hutoa takribani kalori 1,000 na protini gramu 30. Protini bado haitoshi, kwani mgonjwa mahututi wa kilo 60 anataka gramu 70 na zaidi kwa siku, hivyo ongeza maziwa ya unga au samaki aliyesagwa. Hapa ndipo kimea kinapofaa: kijiko kimoja cha chai cha unga wa ulezi uliooteshwa, kikitiwa kwenye uji uliopoa kiasi, huulegeza ukapita mpirani bila kuongezewa maji matupu. Uchemshe tena baadaye. Chuja kwa chujio laini la chai, kifumbu cha tui kina matundu makubwa mno. Kwa joto la Tanga, kilichokaa nje saa 2 kimwagwe.

Mpira ukiziba, tia maji ya uvuguvugu, vuta na sukuma taratibu. Soda na waya, hapana. Mara nyingi unazibwa na dawa zilizosagwa vibaya. Kila dawa isagwe peke yake, ipitishwe peke yake, maji katikati. Vidonge vya kuachia dawa polepole havisagwi kabisa. Fenitoini ya kifafa hushikana na chakula, hivyo mlo husimamishwa saa 1 hadi 2 kabla na baada.

Aliyekaa siku 5 au zaidi bila kula asifurahiwe kwa kujazwa. Kwa siku 2 za mwanzo apewe nusu tu ya mahitaji au chini yake, na vitamini B1 itangulie. Mwili wenye njaa ukipokea sukari nyingi kwa ghafla, potasiamu na fosfeti za damu huporomoka na moyo unaweza kupiga ovyo.

Muda wa njia hii ni wiki 4 hadi 6. Mpira mgumu wa kawaida hubadilishwa kila siku 7 hadi 10, ule laini hukaa hadi mwezi na zaidi. Mgonjwa huuchukia: unawasha, unachubua pua, na aliyechanganyikiwa huuchomoa. Inamfaa ambaye koo lake linatarajiwa kurudi ndani ya wiki chache, au ambaye bado haijulikani ataelekea wapi.

Njia ya tatu: mpira wa tumboni

Tundu hufanywa na daktari kwa kamera ya tumbo au kwa upasuaji mdogo. Mapafu hayalindwi zaidi kuliko kwa mpira wa puani. Faida yake ni kwamba hauchomoki ovyo, hauonekani usoni, na mgonjwa anaweza kufanya mazoezi ya kumeza bila kitu kooni. Chakula, maji na dawa ni vile vile, na kwa kuwa mpira ni mnene hauzibi upesi. Unakaa miezi mingi.

Kuharakisha si busara. Utafiti mkubwa wa kimataifa kwa wagonjwa wa kiharusi, uliochapishwa 2005, ulikuta waliowekewa wa tumboni mapema hawakutoka vizuri zaidi ya waliowekewa wa puani; mwelekeo ulikuwa kinyume. Mwenye maji tumboni, damu isiyoganda au maambukizi ya ngozi ya tumbo haufai kwake, au asubiri.

Nyumbani, ngozi huoshwa kwa maji na sabuni kila siku na kukaushwa, na kizuizi cha nje kiachwe nafasi ya nusu sentimita hadi moja, kisibane. Mpira ukitoka kabla ya wiki 4 usirudishwe kwa kubahatisha, tundu halijajenga ukuta na chakula kinaweza kumwagika tumboni. Ukitoka baada ya hapo, tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache, basi kimbilia hospitali saa ile ile. Pengine mpira wa mkojo hutumika badala ya ule wa kulishia. Unafanya kazi, ila hauna kizuizi cha nje, na ukiingia ndani zaidi huziba njia ya kutokea tumboni, mgonjwa akaanza kutapika. Uwekwe alama ya wino pale ngozini na uangaliwe kila siku.

Unamfaa ambaye baada ya wiki 4 kumeza hakujarudi, na hali yake ya jumla imetulia, na nyumbani kuna mtu wa kudumu.

Hali kwa hali

Katolewa mpira wa kupumulia jana, ana fahamu: kipimo leo au kesho. Akishindwa, wa puani, na kipimo kirudiwe kila siku. Wengi wa kundi hili hurudi mdomoni ndani ya siku au wiki chache.

Kiharusi cha wiki hii: wa puani, huku daktari akiruhusu vijiko vichache vya namba 3 au 4 kwa mazoezi. Uamuzi wa mpira wa tumboni ungoje.

Ana tundu la kupumulia shingoni: puto la mpira wa shingoni, hata likijazwa, halizuii kupaliwa, kwa hiyo apimwe na mtu anayejua, wala wasimjaribie ndugu.

Anameza salama lakini anakonda: mdomo mchana, mpira kwa kuongezea. Si lazima iwe moja tu.

Mwenye figo zilizochoka: dafu liwe mbali naye kwa sababu mbili, wepesi wake na potasiamu yake.

Mzee aliyesahau mambo kwa miaka, sasa hata kumeza kunamtoka: mpira haujaonyesha kumwongezea maisha. Kijiko kwa upole, kwa kiasi anachokitaka, familia ikijua kwamba hatari ya kupaliwa ipo na imekubaliwa, ni chaguo la heshima la kulizungumza na daktari.

Wageni ni wengi saa za kuona wagonjwa: bandika karatasi juu ya kitanda, "ASILISHWE KWA MDOMO", au namba ya uji na jina la ndugu mmoja anayelisha.

Anaruhusiwa kwenda Pangani au vijijini Muheza na mpira wa puani: kabla hajatoka, mlishaji alishe milo 2 mbele ya nesi. Aandikiwe namba ya sentimita, tarehe ya kubadilisha, na zahanati au kituo cha karibu chenye mtu anayeweza kuurudisha na kuuhakikisha. Ukitoka usiku, asilishwe chochote mpaka asubuhi urudishwe. Mwenye kisukari anayechoma insulini apelekwe usiku huo huo, kwa sababu dawa imeshaingia na chakula hakitakuja.